Hata Ng'ombe wa Harusi ni wa Mungu

Mkristo wa Afrika Mashariki akiacha kula nyama, au akiuliza tu mbuzi wa harusi amefikaje hapo alipo, majibu humfikia haraka. Mungu alitupa mamlaka juu ya wanyama. Yesu mwenyewe alikula samaki. Petro aliambiwa achinje, ale. Paulo alionya kuhusu watu watakaokuja kukataza vyakula. Hizo ni habari za Wazungu, au za Wasabato. Na kubwa kuliko yote: mtoto wa jirani analala njaa, wewe unahangaika na kuku?

Nimeyasikia maneno haya kwa wachungaji na makatekista, kwa wazee wa kanisa na wanakwaya, watu ninaowaheshimu na ambao si wakatili. Kwa hiyo niyaeleze kama wao wenyewe wangetaka yaelezwe. Wanasema hivi: binadamu peke yake ndiye aliyeumbwa kwa mfano wa Mungu. Wanyama wamewekwa chini yake wamfanyie kazi na wamlishe. Kristo alikufa kwa ajili ya watu, na injili yake imetufungua kutoka kwenye miiko ya vyakula. Basi namna mnyama anavyoishi na anavyokufa inaweza kumhusu bwana mifugo, au bwana afya, au mtu mwenye moyo mwepesi, lakini si jambo la imani. Haliingii kwenye mahubiri, wala kwenye toba, wala kwenye vikao vya kanisa.

Ninaamini msimamo huo ni kosa, na ni kosa la imani hasa. Simwambii kila Mkristo aache nyama. Mimi siili, lakini Biblia ninayoisoma imeiruhusu. Ninachokikana ni kwamba ruhusa ya kula ilikuja pamoja na ruhusa ya kutouliza.

1. "Tumepewa mamlaka"

Andiko ni Mwanzo 1:28, na wanaolitaja huishia hapo. Mstari wa 29 unataja chakula cha huyo aliyepewa mamlaka: mimea itoayo mbegu na miti izaayo matunda. Mstari wa 30 unawapa wanyama majani. Mamlaka yalitolewa, na nyama haikuwemo. Adamu alitawala bila kumla hata mmoja wa aliowatawala, kwa hiyo anayesema kutawala ni kula amekata andiko katikati.

Nyama inaruhusiwa katika Mwanzo 9:3, baada ya gharika, baada ya dunia kuharibika kwa jeuri. Tena ruhusa hiyo haipiti mstari mmoja kabla ya kuwekewa mpaka: damu isiliwe, kwa kuwa ndiyo uhai. Mistari michache mbele Mungu anaweka agano, na upande wa pili wa agano hilo hayupo Nuhu na wanawe peke yao. Wapo ndege, mifugo na kila mnyama aliyetoka safinani. Tunaufundisha upinde wa mvua kwa watoto wa shule ya Jumapili kila mwaka, na nusu ya walioahidiwa tunawaacha nje ya somo.

Kisha ije Torati. Ng'ombe na punda wapumzike siku ya saba pamoja na mtumwa na mgeni. Ng'ombe anayepura nafaka asifungwe kinywa. Punda aliyelemewa na mzigo ainuliwe, hata kama mwenyewe ni adui yako. Ndege aliyelalia makinda asichukuliwe pamoja nayo. Ng'ombe au kondoo asichinjwe siku moja na mtoto wake. Mithali 12:10 inamtambua mwenye haki kwa jinsi anavyojali uhai wa mnyama wake. Na katika Hesabu 22, malaika aliyemsimamia Balaamu njiani akiwa na upanga anaanza kwa kumuuliza kwa nini amempiga punda wake mara tatu. Balaamu alikuwa na mamlaka juu ya punda yule. Alikuwa mali yake. Aliulizwa hata hivyo.

Hapa ndipo msimamo wa wengi unapojipinga wenyewe. Wakati wa sadaka na zaka tunafundishwa kwamba hatumiliki chochote, kwamba shamba, fedha, mwili na muda ni vya Mungu na sisi ni mawakili watakaotoa hesabu. Fundisho hilo ni zuri na nalikubali. Lakini ikifika zamu ya ng'ombe, uwakili unatoweka na badala yake wanaletwa wenye mali wasioulizwa na yeyote. Ama sisi ni mawakili, ama sisi ni wenye mali; hatuwezi kuwa mawakili mbele ya kapu la sadaka na wenye mali mbele ya machinjio.

2. "Yesu alikula samaki"

Alikula. Luka 24 inasema alikula samaki mbele ya wanafunzi wake baada ya kufufuka, na sina haja ya kuligeuza andiko hilo. Linathibitisha kwamba kula samaki si dhambi. Halithibitishi kwamba chochote anachofanyiwa kiumbe kabla ya kufika mezani ni halali, na hilo ndilo swali lililoko mbele yetu.

Maono ya Petro katika Matendo 10 yanatumiwa vibaya zaidi. Petro mwenyewe ndiye aliyeyafasiri, na alipofika nyumbani kwa Kornelio alisema Mungu amemwonyesha asimwite mtu yeyote najisi. Yalikuwa maono ya kufungua mlango kwa mataifa. Kuyafanya kibali cha kutojali ni kumnyang'anya Petro ufafanuzi wake.

Na onyo la 1 Timotheo 4? Linawahusu wanaokataza watu vyakula kana kwamba Mungu hakuviumba. Halimhusu anayejizuia mwenyewe. Kuhusu huyo Paulo ameandika kwingine, na wazi kabisa: Warumi 14 inamtaja anayekula mboga tu, na inamkataza anayekula kila kitu kumdharau. Katika 1 Wakorintho 8 Paulo anakwenda mbali zaidi, anasema yuko tayari kutokula nyama kabisa kama nyama inamkwaza ndugu yake. Kwa hiyo kila mara msharika asiyekula nyama anapochekwa kwenye karamu ya kanisa, kisha akasomewa Timotheo, wanaomcheka wanalivunja agizo la mtume yuleyule wanayedhani wanamtetea.

Hoja ngumu zaidi ni 1 Wakorintho 9:9, ambapo Paulo anauliza kama Mungu anawajali ng'ombe, na anaonekana kujibu kwamba neno lile liliandikwa kwa ajili yetu. Lakini ujenzi wa hoja yake unahitaji kwamba amri ya ng'ombe ni ya haki: ikiwa hata mnyama anayefanya kazi ana haki ya kula, seuze mhubiri. Ukiiondoa haki ya ng'ombe, ya mhubiri inabaki bila msingi. Yesu anajenga vilevile katika Luka 13 na 14. Anamjibu mkuu wa sinagogi, kisha Mafarisayo, kwamba kila mmoja wao humfungua ng'ombe au punda wake siku ya sabato akamnyweshe, na humtoa akitumbukia kisimani. Hakuona haja ya kuthibitisha kwamba kufanya hivyo ni vyema. Alijua wote waliokuwa mbele yake wanakubali. Leo katika makanisa yetu asingeweza kuanzia hapo.

3. "Ni mambo ya Wazungu"

Mwenye kusema hivi atazame Ethiopia. Ukristo uliingia katika ufalme wa Aksumu katika karne ya 4, wakati sehemu kubwa ya Ulaya haijabatizwa. Mpaka leo waumini wa Kanisa la Orthodoksi la Ethiopia hujiepusha na nyama, maziwa, siagi na mayai kila Jumatano na Ijumaa, katika mfungo mkuu wa siku 55 kabla ya Pasaka, na katika mifungo mingine. Kwa mlei mshika mfungo zinafika siku kama 180 kwa mwaka. Kwa makasisi na watawa zinaweza kufika 250. Wanakula injera na shiro, dengu, kunde na mboga za majani. Na hawafanyi hivyo kwa kukosa mifugo, kwani Ethiopia ina ng'ombe wengi kuliko nchi yoyote ya Afrika. Nisiwasemee: sababu yao ni toba na kuitiisha nafsi, si ustawi wa wanyama, na mfungo ukiisha huchinja sana. Hata hivyo dai la kwamba meza ya Mkristo Mwafrika isiyo na nyama ni uigaji wa Ulaya linaanguka mbele yao.

Wala hawako peke yao. Isaka wa Ninawi, mtawa wa karne ya 7 aliyezaliwa upande wa Ghuba, alifundisha kwamba moyo wenye rehema hauvumilii kuona kiumbe chochote kikidhurika, na huwaombea hata ndege, wanyama na watambaao. Wabenediktini, ambao kwetu Tanzania tunawajua kwa Peramiho na Ndanda, wana kanuni ya karne ya 6 iliyowazuia watawa kula nyama ya wanyama wa miguu minne, isipokuwa wagonjwa waliodhoofika. Wasabato walifika Upare mwaka 1903, na kwao ulaji wa mimea ni ushauri wa afya na imani, si sharti la ushirika. Kuwataja kwa kejeli si kuwajibu.

Tena tukitafuta mgeni, tumtafute bandani. Makande, mbaazi za nazi, kisamvu, kunde, njugu mawe na githeri ni vyakula vya bibi zetu. Kuku wa nyama anayefikia uzito wa kuchinjwa kwa wiki tano au sita, miguu ikimlemea, asiyeona jua wala kuparura udongo, ndiye aliyeletwa. Mbegu zake, Cobb na Ross, ni za kampuni za Marekani na Ulaya. Anakuzwa kwa pumba za dukani na dawa zinazochanganywa kwenye maji, mara nyingi bila daktari wa mifugo kuulizwa. Huyu hakuna anayemwita wa Wazungu. Anaitwa maendeleo.

4. "Watu kwanza"

Hoja hii naiheshimu kuliko zote, kwa sababu njaa ipo. Katekisimu ya Kanisa Katoliki ya mwaka 1992 inazishika pande zote mbili katika aya moja, ya 2418: kuwatesa wanyama au kuwaua pasipo sababu kunakwenda kinyume cha hadhi ya binadamu, na kuwatumia wanyama fedha zilizopaswa kuondoa taabu za watu nako hakustahili. Nakubali zote mbili. Lakini wanaoleta hoja ya njaa hudhani huruma ni ya kupimwa kama mchele, kwamba ukimpa punda konzi moja umempunja mtoto. Historia na uchumi vinasema vingine.

Historia kwanza. Mwaka 1824 kikundi kidogo kilikutana London na kuunda chama cha kuzuia ukatili kwa wanyama. Aliyekiitisha alikuwa kasisi wa Kianglikana, Arthur Broome, ambaye baadaye alifungwa jela kwa madeni ya chama hicho. Miongoni mwa waliokaa naye alikuwamo William Wilberforce, mtu aliyetumia maisha yake kupigania kukomeshwa kwa biashara ya watumwa. Waliopinga mtumwa kupigwa mijeledi ndio waliopinga na ng'ombe kupigwa. Hawakungoja kazi moja iishe ndipo waanze nyingine. Watumwa katika makoloni ya Uingereza walikuwa bado hawajaachiwa.

Sasa njoo Kenya. Kuanzia mwaka 2016 yalifunguliwa machinjio ya punda, yakafika manne, Naivasha, Mogotio, Machakos na Turkana, ili ngozi ziende China kuchemshwa kutengeneza ejiao, dawa ya asili ya huko. Mahitaji yalipozidi punda waliouzwa kwa hiari, wizi ulianza. Watu waliamka asubuhi wakakuta mizoga ya punda wao imechunwa ngozi porini. Sensa ya mwaka 2009 ilihesabu punda zaidi ya milioni 1.8, ya mwaka 2019 ilihesabu chini ya milioni 1.2. Na nani aliyelipa? Mwanamke aliyemtegemea punda kubeba maji sasa aliyabeba kichwani, na mwenye mkokoteni aliyelipia karo kwa kazi ya punda alibaki na mkokoteni mtupu. Serikali ilipiga marufuku mwaka 2020, mahakama ikaitengua marufuku hiyo mwaka 2021, na Februari 2024 wakuu wa nchi za Umoja wa Afrika, Addis Ababa, wakakubaliana kupiga marufuku uchinjaji wa punda kwa ajili ya ngozi barani kote. Aliyesema tangu mwanzo kwamba hilo ni suala la wanyama tu, lisubiri watu kwanza, hakuwasaidia watu.

Mfano mwingine uko sokoni. Dagaa wa Ziwa Victoria, omena kwa Wakenya, ndiyo protini ambayo mama maskini anaimudu. Sehemu kubwa ya dagaa hao haifiki sufuriani. Hununuliwa na watengenezaji wa vyakula vya kuku na mifugo. Mahindi na soya navyo huingia kwenye vyakula hivyohivyo. Kuku hula kingi kuliko anachorudisha kwa nyama, na anayeinunua nyama hiyo si yule mama. Anayesema anamtetea mtoto mwenye njaa atueleze kwa nini chakula cha mtoto huyo kinapitia kwanza kwa kuku wa hotelini. Nimelileta swali hili mara nyingi na sijapata jibu kutoka Maandiko wala kutoka sokoni.

Kuhusu wafugaji nitasema kifupi. Mmasai wa Simanjiro au Mturkana anayeishi penye mvua haba hana shamba la kunde, na ng'ombe wake kwake ni maziwa, mahari na bima. Sina neno naye. Mara nyingi anawajua ng'ombe wake kwa majina na rangi zao kuliko sisi wa mjini tunavyowajua majirani. Kutumia maisha yake kuhalalisha kilo ya tano ya nyama kwenye karamu ya Dar es Salaam ni kumkopa jina bila idhini.

5. Kisu

Ng'ombe wengi wanaoliwa Dar es Salaam hutoka mbali, Kanda ya Ziwa na Kanda ya Kati, wakiletwa kwa malori hadi mnada wa Pugu. Husafiri wamesimama, wamebanana, kwenye joto. Anayeanguka hukunjwa mkia au kuchapwa fimbo ili ainuke, na asipoinuka wenzake humkanyaga. Kuku huning'inizwa miguu juu kichwa chini kwenye pikipiki, makumi kwa mara moja. Haya si siri ya kufichuliwa na mwandishi. Yanapita barabarani mchana, mbele ya makanisa. Tanzania ina Sheria ya Ustawi wa Wanyama tangu mwaka 2008, na Kenya ina sheria yake ya kuzuia ukatili kwa wanyama, Sura ya 360. Bunge limeshalitamka kosa ambalo mimbari haijalitamka.

Tunajua kwamba Wakristo wa Tanzania wanaweza kusimama imara kuhusu machinjio, kwa sababu walishasimama. Mapema mwaka 2013 ugomvi wa nani mwenye haki ya kuchinja nyama inayouzwa kwa watu wote uliwaka Kanda ya Ziwa, na mwezi Februari, huko Buseresere mkoani Geita, mchungaji mmoja aliuawa. Ni msiba ambao haupaswi kusahauliwa. Taifa zima lilibishana kuhusu dini ya mshika kisu. Katika yote niliyoyasoma na kuyasikia redioni wakati ule, sikukutana na Mkristo aliyeuliza kisu kikoje, mnyama ameshikwaje, na wenzake wanaongoja zamu wanaona nini. Waislamu wana mafundisho kuhusu mambo hayo: kisu kinolewe, kisinolewe machoni pa mnyama, mnyama asichinjwe mwenzake akitazama. Yanafuatwa au hayafuatwi, lakini yapo, na mwovu anaweza kukemewa kwayo. Sisi tulidai haki ya kuchinja, na hatukuwa na hata fundisho moja la namna ya kuchinja tulilokubaliana.

Gharama ya ukimya huo haimwangukii mnyama peke yake. Vijana vibarua wanaofanya kazi machinjioni usiku kucha, kwa malipo ya siku, ni washarika wetu. Wanajifunza kutosikia kilio cha kiumbe hai, na Jumapili tunawafundisha upole bila kuwauliza wiki imewafundisha nini.

Na kanisa haliwezi kusema halina nguvu hapa, kwa sababu ni mnunuzi mkubwa. Hesabu kipaimara, komunio ya kwanza, harusi, kusimikwa kwa maaskofu, Krismasi, Pasaka na sikukuu ya mavuno. Kamati ya harusi hukaa vikao kadhaa kujadili ukumbi, rangi za sare na ndafu atakayeletwa mezani mzima, majani mdomoni, ili apigwe picha. Maswali matatu hayaulizwi: ametoka wapi, amesafirije, amekufaje. Kamati inayoweza kumkataa mpambaji kwa sababu ya rangi ya kitambaa inaweza kumkataa mfanyabiashara anayesafirisha mbuzi waliofungwa miguu minne. Na inaweza kupika sufuria moja kubwa ya mbaazi za nazi na wali, bila mgeni yeyote kuondoka na njaa.

Wataniambia watu watasema harusi ilikuwa ya kimaskini. Hilo nalo ni suala la imani, na halina andiko la kuliunga mkono. Basi mhazini atakapoisoma bajeti ya sikukuu ya mavuno, msharika asimame aulize maswali hayo matatu kabla kura haijapigwa. Mzee wa kanisa akimwambia akae, amwonyeshe ni mstari gani wa Biblia uliomkataza kuuliza.